“Make”, “do”, “take” au “have”? Mwongozo kamili wa maneno ya Kiingereza yanayoandamana

Wako wanafunzi wa Kiingereza wanaojua maneno mengi kweli kweli, sarufi yao haina doa, na bado wakifungua mdomo msikilizaji anakunja uso kidogo. Wanasema “I did a big mistake”, “there was strong rain”, “she drank her medicine in the morning”. Kila neno hapo, likisimama peke yake, halina kosa. Shida ni kwamba hayo maneno hayajazoeana. Mwenye lugha yake angesema “I made a big mistake”, “there was heavy rain”, “she took her medicine”, na ukimuuliza kwa nini, atakujibu tu kwamba ndivyo wanavyosema.

Jibu hilo linaudhi, lakini hata sisi hatuna bora zaidi. Mgeni akitaka kujua kwa nini simu, picha, kura, pasi, mswaki na chafya vyote hupigwa, utamwambia nini? Kwa nini tamaa, rufaa, shauri na kiu hukatwa? Kwa nini kiapo, njama na hasara huliwa? Hatukufundishwa haya darasani. Tuliyasikia tangu utotoni yakiwa tayari yameshikana, basi tukayachukua hivyo hivyo.

Wanaisimu huuita mshikamano huo kolokesheni. Mwingereza J. R. Firth ndiye aliyeupa uzito katika isimu, na mwaka 1957 aliandika kwamba neno utalijua kwa maneno linaloandamana nayo. Walimu walikuwa wameshaliona mapema zaidi: Harold Palmer, Mwingereza aliyekuwa Tokyo akishughulikia ufundishaji wa Kiingereza, alitoa ripoti nzima juu ya maneno yanayoandamana mwaka 1933. Kwa hiyo si ugonjwa wa Waswahili peke yetu.

Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: acha kukusanya vitenzi, kusanya nomino. Unapojifunza neno “decision”, kazi haijaisha mpaka ujue linabebwa na kitenzi gani, linapambwa na kivumishi gani, na linafuatwa na kihusishi gani. Nomino ndiyo mwenye nyumba, nayo ndiyo inayochagua wageni.

## Kabla ya hatua: jua Kiswahili kinakusukuma wapi

Intaneti imejaa orodha za mamia ya kolokesheni zilizopangwa kwa alfabeti. Sizipendi sana. Zinakufundisha “make a cake” na “eat breakfast” ambavyo usingevikosea kamwe, kisha zinapita haraka pale unapoangukia kila siku. Makosa yetu hayatawanyiki ovyo. Yanatoka kwenye maneno machache ya Kiswahili yanayofanya kazi nyingi, ambayo Kiingereza kimezigawa kazi zake kwa maneno mengi. Ukiyajua hayo machache, umeshapunguza nusu ya safari.

Fanya. Hili ndilo la kwanza kwa hatari. Kwetu mtu hufanya kosa, hufanya kazi ya nyumbani, hufanya mtihani, hufanya mkutano, hufanya uhalifu, hufanya sherehe. Kwa Kiingereza ni “make a mistake”, “do homework”, “take an exam”, “hold a meeting”, “commit a crime”, “have a party” au “throw a party”. Vitenzi sita au saba mahali pa kimoja.

Walimu wengi hutoa kanuni hii: “make” ni pale kitu kinapotokea mwishoni ambacho hakikuwepo, kama “make a plan”, “make a promise”, “make a noise”, na “do” ni pale panapokuwa na shughuli au wajibu, kama “do the washing”, “do exercise”, “do business”. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, itumie. Lakini usiigeuze sheria, maana kutandika kitanda ni “make the bed” ingawa kitanda kilikuwepo tangu jana, na kuleta madhara ni “do harm” au “do damage” ingawa madhara hayo ni mapya kabisa. Ninayoyaona yakikosewa zaidi upande wa “make” ni haya: “make progress”, “make an effort”, “make a decision”, “make changes”, “make an appointment”. Yashike hayo matano kwanza.

Toa. Hapa watu wengi hawajui kama kuna mtego, kwa sababu “toa” inaonekana kama “give” moja kwa moja. Mara nyingi ni kweli: “give advice”, “give an example”, “give permission”, “give an explanation”. Kisha njia inapinda. Kutoa ahadi ni “make a promise”. Kutoa malalamiko ni “make a complaint”. Kutoa pendekezo ni “make a suggestion”, na kutoa udhuru ni “make an excuse”. Kutoa maoni ni “express an opinion”, kutoa rambirambi ni “offer condolences”, kutoa heshima za mwisho ni “pay your last respects”. Hotuba ina bahati yake: inakubali “give”, “make” na “deliver”, chagua unayoitaka.

Pata. Kupata ajali ni “have an accident”, kamwe si “get an accident”. Kupata mtoto ni “have a baby”. Kupata hasara ni “make a loss” na kupata faida ni “make a profit”. Kupata mafua ni “catch a cold”, kupata uzoefu ni “gain experience”, kupata mshahara ni “earn a salary”, kupata shida ya kufanya jambo ni “have difficulty doing something”. Kazi, ruhusa na jibu unaweza kuvipata kwa “get” bila wasiwasi.

Sema. Kusema uongo ni “tell a lie”, kusema ukweli ni “tell the truth”. Lakini sala na kwaheri ni za “say”: “say a prayer”, “say goodbye”.

Kali. Hiki ndicho kivumishi ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachotuumbua kuliko vyote. Tazama kinavyogawanyika:

- kisu kikali, kona kali: “a sharp knife”, “a sharp bend”
- pilipili kali: “hot pepper”
- mbwa mkali: “a fierce dog”
- mwalimu mkali, sheria kali: “a strict teacher”, “strict laws”
- maumivu makali, ukame mkali: “severe pain”, “severe drought”
- adhabu kali: “harsh punishment” au “severe punishment”
- ushindani mkali: “fierce competition”, “stiff competition”
- mjadala mkali: “a heated debate”
- ulinzi mkali: “tight security”
- homa kali: “a high fever”
- mwanga mkali: “bright light”
- baridi kali: “bitter cold”
- upepo mkali, harufu kali: “strong wind”, “a strong smell”

Usijaribu kukariri orodha hiyo kwa mkupuo. Kiangalie kinachotokea: nomino ndiyo inayoamua. Mtu anayejiuliza “kali kwa Kiingereza ni nini?” ameuliza swali lisilo na jibu. Anayejiuliza “homa inapozidi, Waingereza huiitaje?” atapata “high” mara moja.

Kubwa. Mvua kubwa ni “heavy rain”, msongamano mkubwa wa magari ni “heavy traffic”, hasara kubwa ni “heavy losses”, mvutaji mkubwa wa sigara ni “a heavy smoker”. Sauti kubwa ni “a loud voice”. Kasi kubwa na bei kubwa zote ni “high”: “high speed”, “a high price”. Tukiwa hapo kwenye bei: kitu ndicho kinachokuwa “expensive” au “cheap”, bei yenyewe huwa “high” au “low”. “Expensive price” utaisikia sana, lakini usiiandike.

Viambishi vinavyoficha vihusishi. Kiswahili kinaweka mtendwa ndani ya kitenzi, kwa hiyo hatuhisi upungufu wowote tukisema “nisubiri”, “nisikilize”, “nieleze”. Kiingereza kinadai kihusishi: “wait for me”, “listen to me”, “explain it to me”. Kutafuta ni “look for”, kuomba kitu ni “ask for”, kutegemea ni “depend on”. Upande wa pili kuna vitenzi tunavyoviongezea kihusishi visichokihitaji. Tunajadili kuhusu jambo, basi tunaandika “discuss about the problem”. Sahihi ni “discuss the problem”. Tunasisitiza juu ya jambo, tunaandika “emphasise on”. Sahihi ni “emphasise the point”. Tunaingia katika chumba. Wao husema “enter the room”. Na aliyeoana na mtu ni “married to”, ingawa “na” yetu inatuvuta kwenye “with”.

## Hatua ya kwanza: chagua nomino zako

Chukua karatasi. Andika mambo matatu unayohitaji Kiingereza kwa ajili yake: labda usaili wa kazi, masomo ya chuo, barua za kikazi, mazungumzo na wateja. Chini ya kila moja andika nomino nane au kumi ambazo huwezi kuzikwepa. Mtu wa usaili ataandika “experience”, “skill”, “goal”, “deadline”, “responsibility”, “salary”, “team”, “challenge”. Mwanachuo ataandika “research”, “essay”, “argument”, “evidence”, “exam”, “result”.

Nomino kama ishirini na tano zinatosha kwa mwezi. Ukichukua mia utaziacha njiani. Acha kwanza nahau za mapambo kama “kick the bucket”, ambazo zinachekesha darasani na hazitumiki karibu popote. “Meet a deadline” itakufaa kila wiki.

## Hatua ya pili: winda ndani ya maandishi

Soma habari au makala fupi mara mbili. Mara ya kwanza isome kwa ajili ya maana, kama kawaida. Mara ya pili shika kalamu, tafuta nomino, kisha rudi nyuma kutazama kilichoibeba. Chukua aya hii:

“The company suffered heavy losses last year, and its director came under fire. On Monday she gave an interview in which she admitted that serious mistakes had been made, but she rejected calls for her resignation and promised to take steps to win back customers' trust.”

Msomaji wa kawaida anapita hapo bila kukwama, maana hakuna neno gumu, na ndiyo maana hatoki na kitu. Anza na “losses”: nani kaibeba? “Suffered”. Nani kaipamba? “Heavy”. Tayari una “suffer heavy losses”, kundi zima la maneno matatu. “Interview” imebebwa na “gave”, kwa sababu mkurugenzi ndiye aliyehojiwa. Mwandishi wa habari aliyemhoji angekuwa “conducted an interview”, na mtafuta kazi anayekwenda kwenye usaili “has an interview”. Nomino moja, vitenzi vitatu, kulingana na upande wa meza uliokaa.

Kisha tazama “mistakes had been made”. Hapa kitenzi kimekuja nyuma ya nomino, tena kikiwa katika hali ya kutendwa. Ni “make a mistake” ileile iliyogeuzwa. Wengi huikosa katika kusoma kwa sababu wanaitafuta kwa mpangilio mmoja tu. Jizoeshe kuiona hata ikiwa imepinduliwa au imetenganishwa na maneno mengine.

Kuchukua hatua ni “take steps”, na kwa bahati nzuri Kiswahili kinakubaliana nao kabisa. Furahia zinapotokea hizi, lakini usizipotezee muda daftarini, zitakaa zenyewe. “Win back trust” ndiyo ya kuandika, kwa sababu kwetu imani “hurudishwa”, na ungeachwa peke yako ungesema “return the trust”. Kipimo cha kuandika au kutoandika ni hicho: je, ningeisema hivi mwenyewe bila kuiona? Kama ndiyo, endelea mbele.

Aya moja iliyowindwa namna hii inazidi kurasa kumi zilizosomwa kwa kupaa.

## Hatua ya tatu: hakiki kabla ya kuamini

Ukiwa na shaka kama maneno mawili yanaandamana, usiulize sikio lako, maana sikio lako ndilo lenye matatizo. Kuna zana, nyingi za bure.

Ya kwanza ni kamusi za wanafunzi: Oxford, Longman na Cambridge zote zina tovuti za bure, na katika maingizo ya maneno ya kawaida zinaonyesha maneno yanayoandamana nayo. Kosa la kawaida ni kutafuta kitenzi. Ukitafuta “make” utakutana na bahari. Tafuta nomino. Kama unataka kamusi ya kazi hii peke yake, Oxford walitoa kamusi ya kolokesheni kwa mara ya kwanza mwaka 2002, nayo imepangwa vizuri: chini ya kila nomino unakuta vivumishi, kisha vitenzi, kisha vihusishi.

Ya pili ni SkELL, tovuti ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Andika neno moja, kisha fungua sehemu ya “Word sketch”. Itakupangia vitenzi vinavyolibeba neno hilo na vivumishi vinavyolipamba, kwa kutazama mkusanyo mkubwa wa matini halisi. Ukibofya mojawapo utapewa mifano ya sentensi. Kwa mtu mwenye simu tu, hii ndiyo ningeianza.

Ya tatu ni Google Ngram Viewer, iliyoanza mwaka 2010, inayohesabu maneno ndani ya vitabu vilivyochapishwa. Andika “heavy rain,strong rain,big rain” ukitenganisha kwa mkato, na utaona mstari mmoja ukipaa na mingine miwili ikilala chini. Ukiweka nyota mbele ya nomino, yaani “* rain”, itakuletea maneno kumi yanayotangulia neno hilo mara nyingi zaidi. Kumbuka tu kwamba ni lugha ya vitabu. Mazungumzo ya mtaani hayamo.

Wanaotaka kuchimba zaidi waende COCA, hazina ya Kiingereza cha Marekani yenye maneno zaidi ya bilioni moja, ambayo ukijisajili unaitumia bure kwa kiwango fulani. Inahitaji uvumilivu kuizoea.

Tahadhari kuhusu utafutaji wa kawaida mtandaoni: kukuta “discuss about” katika kurasa nyingi si ushahidi. Kosa likifanywa na wengi litaonekana mara nyingi. Tazama nani kaandika. Programu za tafsiri na za akili bandia nazo zinasaidia ukiziuliza vizuri: usiombe tafsiri ya sentensi, omba vitenzi vinne vinavyobeba nomino fulani na mfano mmoja kwa kila kimoja, kisha thibitisha kwenye kamusi.

## Hatua ya nne: andika kwa namna itakayokufaa baadaye

Daftari lenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, ndilo lililotufikisha hapa tulipo. Lifunge. Badala yake, ipe kila nomino nusu ukurasa. Iandike katikati. Kushoto kwake weka vitenzi, juu yake vivumishi, kulia kinachofuata. Kwa “decision” ukurasa utakuwa hivi:

- vitenzi: “make”, “reach”, “come to”, “put off”, “reverse”
- vivumishi: “difficult”, “final”, “hasty”, “informed”
- baada yake: “a decision on something”, “a decision to do something”

Chini ya hapo andika sentensi mbili za maisha yako mwenyewe. Usinakili mfano wa kamusi. “I put off the decision to move until my exams were over” itakaa kichwani kama ni kweli uliahirisha kuhama. Sentensi kuhusu mfalme fulani wa kamusi haitakaa.

Kwenye ukurasa huohuo tenga kona ya “hapana”: maneno ambayo Kiswahili kingekusukuma kuyaandika. Kwa “exam” andika “do an exam” kisha weka alama ya kuulizia, kwa sababu utaisikia kwa baadhi ya watu, lakini “take an exam” ndiyo salama popote. Kwa “medicine” andika “drink” na ukate mstari juu yake. Kwa kwenda kulala na njaa andika “sleep hungry”, ikate, weka “go to bed hungry”.

Nomino kama “advice”, “information”, “homework”, “research” na “news” zina jambo moja zaidi: hazihesabiki. Hakuna “an advice” wala “informations”. Ukitaka kuhesabu unasema “a piece of advice”, “two pieces of information”. Liandike hilo palepale juu ya ukurasa.

## Hatua ya tano: vuta kutoka kichwani

Kusoma tena daftari kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inadanganya. Kinachojenga kumbukumbu ni kulazimika kulivuta neno bila kuliona. Tengeneza kadi, za karatasi au za programu kama Anki. Upande wa mbele andika sentensi ya Kiswahili: “Kampuni ilipata hasara mwaka jana.” Nyuma: “The company made a loss last year.” Ni muhimu mbele pawe na Kiswahili chenye mtego wake, hiyo “ilipata”, kwa sababu hali halisi itakuwa hiyohiyo: wazo litakuja kwa Kiswahili na utatakiwa kulikwepa “get” kwa sekunde moja.

Zipitie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha mwezi. Uliyokosea inarudi mwanzo. Faida ya kuachanisha marudio si jambo jipya. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika kuihusu mwaka 1885 baada ya kujifanyia majaribio yeye mwenyewe.

Sema jibu kwa sauti, na lote kwa pumzi moja. “Makealoss”, bila kusimama kati. Ukisita baada ya “make” ujue bado una maneno mawili, hujawa na moja.

## Hatua ya sita: pasua andiko lako mwenyewe

Hapa ndipo maendeleo yanapoonekana. Andika aya ya mistari mitano bila kamusi, iache ilale, kisha irudie ukiwa na kalamu nyekundu. Zungushia kila “do”, “make”, “get”, “give”, “big” na “very”. Kila duara ni swali: nomino hii inakitaka kweli kitenzi hiki?

Chukulia mtu ameandika hivi:

“Last year I did a big mistake. I took a decision to leave school very fast. I got many problems but I also got experience. Now I want to do the exam again and I will do my best effort.”

Maana iko wazi kabisa. Sasa tupasue. “Did a mistake” inakuwa “made a mistake”, na kwa kosa zito “serious” inakaa vizuri kuliko “big”. “Took a decision” ina sura ya kosa lakini si kosa. Waingereza huisema, ila “made” inakubalika kila mahali. “Very fast” imeelea: haijulikani kama ni uamuzi ulioharakishwa au ni kuondoka kwa mbio. Uamuzi wa pupa una kivumishi chake, “hasty”. “Got many problems” inakuwa “ran into a lot of problems”, “got experience” inakuwa “gained experience”. Mwishoni, “do my best effort” ni miungano miwili iliyogongana: kuna “do my best” na kuna “make every effort”. Mwandishi alizijua zote mbili nusunusu akazichanganya, jambo linalowatokea hasa wale waliokwisha kupiga hatua.

Toleo jipya:

“Last year I made a serious mistake: I left school after a hasty decision. I ran into a lot of problems, but I also gained experience. Now I want to take the exam again, and I will make every effort to pass.”

Sarufi haikubadilika sana, na hakuna neno gumu hata moja lililoongezwa. Ukipasua aya moja kila wiki, baada ya muda utaona duara zilezile zikijirudia. Hizo ndizo kadi zako za wiki inayofuata.

Upande wa “very”, usiing'oe kila mahali. “Very happy” haina ubaya. Lakini kuna vivumishi na vitenzi vilivyokwisha kujichagulia kielezi: “seriously injured”, “badly damaged”, “fully aware”, “bitterly disappointed”, “highly recommended”, “fast asleep”, “wide awake”. Ongeza viwili vitatu kwa mwezi. Ukivimwaga vyote katika barua moja utasikika kama tangazo la biashara.

## Rasmi au ya kawaida, Uingereza au Marekani

Maneno yakishaandamana sawasawa, bado kuna swali la mahali pa kuyatumia. “Do research” unaweza kuisema kwa rafiki. Katika tasnifu andika “conduct research” au “carry out research”. “Get permission” ni ya mdomo, “obtain permission” ni ya barua. Wakubwa wa nchi “hold talks”, wewe na jirani yako “have a chat”. Ukiandika kwenye daftari, weka herufi moja pembeni kuonyesha kama ni ya rasmi, maana kosa la kumwambia rafiki “let us hold talks” linachekesha kuliko la sarufi.

Kuhusu nchi, tofauti zipo ila si nyingi. Uingereza watu hupenda “have a shower”, Marekani “take a shower”. Mwanafunzi wa Uingereza anaweza “sit an exam”, wa Marekani “takes an exam”. “At the weekend” ni ya Uingereza, “on the weekend” ya Marekani. Kama mtihani au kazi yako inakutaka ufuate upande mmoja, fuata huo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kama haikutaki, chagua zinazoeleweka pande zote mbili: “make a decision”, “take an exam”, “take a break”, “have breakfast”. Zile za upande mmoja ziandike daftarini kwa ajili ya kuzielewa ukizisikia. Si lazima uzitumie.